Mwaka Senge Rispa Alipopanda Miti kwa Mkono Wake

Siku tuliyomzika Senge Rispa, nje ya mji wa Kitale kwenye barabara ya kwenda Kachibora, kila aliyeshika maikrofoni alimwita jasiri. Mchungaji kijana mwenye suti ya kubana alisema Senge hakujua woga, ati alipofundishwa kwamba kutunza uumbaji ni sehemu ya imani, aliinuka siku hiyohiyo akapanda miti na hakutazama nyuma. Watu wakapiga makofi. Mwakilishi wa kina mama akasema vivyo hivyo. Chifu naye, vivyo hivyo, ila kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nilikuwa chini ya hema, nimekalia kiti cha plastiki ambacho marehemu hangekipenda hata kidogo, na nikajikuta nimeudhika kama mtu aliyekanyagwa mguu. Hakujua woga? Huyo mnayemzika simjui basi. Senge wangu aliogopa. Aliogopa mpaka chakula kikamshinda, na mimi nilikuwepo, nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Nikanyamaza kwa sababu matangani hatubishani na mtu aliye na maikrofoni. Lakini nilirudi nyumbani kwangu Bungoma nikiwa bado nimenuna, na nimeamua kuandika, maana mkimpa mtu ujasiri wa bure mnamnyang'anya ule wake mwenyewe alioutolea jasho.

Senge ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Nilitumwa kwake mwaka wa elfu mbili na tatu, nimemaliza kidato cha nne kule Sirisia, nasubiri matokeo ambayo sikuwa na haraka nayo. Nilimkuta kwenye moto wa mambo mapya. Kanisa lao lilikuwa limemwalika mwalimu mgeni aliyefundisha kwamba dunia ni mali ya Mungu, sisi ni watunzaji tu, na mtunzaji huulizwa. Wengi walisikia, wakasema amina, wakala wali wa semina, wakaenda nyumbani. Senge alisikia akakosa raha. Jioni ya kwanza, hata sijafungua mkoba, alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kijito kilichopita mwisho wa shamba. Kingo zake zilikuwa uchi, miti yote ilishakuwa makaa zamani, na maji yalikuwa membamba na mekundu kama chai isiyo na maziwa. "Naliaka," akaniambia, "siku moja nitaulizwa, Rispa, kile kijito nilikupa kiko wapi? Nitajibu nini? Nitasema nilikuwa kwa kwaya?"

Mimi nilikuwa msichana wa maswali. Mama alikuwa amenichoka kwa hilo, na nadhani ndiyo sababu halisi ya kutumwa Kitale. Kwa Senge nilipata malisho. Jikoni kwake kila kitu kilikuwa kimegeuzwa. Maharagwe yalitelekwa asubuhi yakachemka kidogo tu, kisha sufuria ikaingizwa kwenye kikapu kikubwa kilichoshindiliwa matambara na blanketi kuukuu, ikafunikwa kwa mto, ikaachwa. Hakuna moto, hakuna kuni, na saa ya chakula maharagwe yanatoka yameiva, laini, yanafuka moshi. Nilikuwa naenda kuinua ule mto kila mara nione yanaivaje. "Wewe!" Senge alinipigia kelele. "Ukichungulia hivyo yataiva na nini? Na macho yako?" Maganda ya ndizi, majivu na samadi viliingia kwenye shimo la mboji. Mabua ya mahindi, ambayo majirani wote walikuwa wakiyachoma hadi Kitale nzima inanuka moshi, yeye aliyalaza shambani yaoze. Buchani alikwenda na bakuli lenye kifuniko, hataki nyama yake ifungwe kwa karatasi ya plastiki, na muuzaji alimtazama akamwambia, "Mama, hii ni nyama, si uji." Senge akamjibu, "Weka tu, kijana. Mungu ameona hizo karatasi zako kule mtoni, na hajafurahi."

Mumewe, Mzee Makokha, alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Alirudi jioni nyusi nyeupe kwa unga, na kikohozi kidogo ambacho hakuna aliyekijali, kwa kuwa wasagaji wote hukohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu. Alipoambiwa asitupe hata maji ya kuoshea sahani, yana kazi kwenye sukuma wiki, aliniangalia mimi badala ya mkewe akasema, "Hii wokovu sasa imeingia mpaka kwa takataka." Lakini maji aliyamwaga kwenye sukuma. Nilipenda kuwatazama wawili hao mezani. Senge alieleza dunia nzima kati ya tonge na tonge, na yeye alikula, akaitikia "mm," na kama kuna jambo limemgusa aliomba aongezewe mboga. Nilichukua muda kujua kwamba kwa Mzee Makokha, kuomba mboga kulikuwa ni kusema ndiyo.

Miche ilioteshwa nyuma ya jiko, ndani ya makopo makuukuu na pakiti za maziwa zilizookotwa. Lusiola, ule mti wenye maua ya manjano unaotoa nguzo nzuri, na mikuyu, inayosifiwa kwetu kwa kushika maji. Na hapa msomaji ambaye si wa kwetu lazima aelezwe jambo. Kwetu mwanamke hapandi mti. Atalima, atapanda mahindi, maharagwe, viazi, hata maua mbele ya nyumba. Mti, hapana. Aliyeolewa akitia mche shimoni, mumewe atakufa. Asiyeolewa akithubutu, hatazaa. Siku hizi nimesikia wasomi wakieleza kwamba ilikuwa siasa ya ardhi: mti ni alama ya mwenye shamba, na shamba lilikuwa la wanaume, basi wakaweka kitisho mlangoni. Huenda ni hivyo. Mwaka ule hakuna aliyeeleza. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba moto unachoma. Na kina mama wa kanisa la Senge, waliookoka kabisa, waliokuwa wakikemea mapepo kila Ijumaa, walipata njia ya kuitii semina bila kuugusa mwiko. Wao wataotesha miche. Wao watachimba mashimo, watabeba maji na mbolea. Kisha atakuja mwanamume, ashike mche, autie shimoni, na wao wafukie. Kushika tu! Nilipoelezwa nilicheka, nikafikiri wanatania, na nilipoona hakuna anayecheka nami, hamu ya kujua ikanipanda kichwani.

Jumamosi ya kupanda ilifika mvua ya masika ikiwa imeanza. Mashimo yalikuwa tayari kandokando ya kijito. Mchungaji wao wa wakati huo alikuja na viatu vya mvua, akaomba, akaanza kupita shimo hadi shimo akitia mche kwa vidole viwili, na kina mama wanamfuata nyuma wakifukia na kuimba. Hajamaliza hata safu moja, akaitwa mazishini Kachibora. Akanawa mikono akaondoka. Tukabaki na beseni za miche, mashimo wazi, na hakuna mwanamume karibu, maana ilikuwa siku ya soko. Wawili waliopita barabarani waliitwa wakaulizwa. Mmoja alisema ana haraka. Wa pili alisema kwa nini ashike mti wa shamba la mtu mwingine, anatafutiwa kesi? Mawingu yakafunguka, jua likatoka, miche ikaanza kulegea shingo.

"Na mimi nikishika?" nikauliza. "Mimi sina mume."

"Hutazaa," akanijibu Mama Nasimiyu, katibu wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele.

"Hata nikishika mmoja tu?"

"Mmoja ndio unatosha kabisa."

"Na mjane? Mjane si mumewe ameshakufa?"

Wakatazamana. Nakumbuka watu wazima wale wakifikiria swali langu kwa bidii. Kisha Mama Nasimiyu akapiga mapaja. "Huyu mtoto ana akili! Kimbieni mumwite Mama Tekla!" Mama Tekla alikuwa jirani, mjane wa siku nyingi, akaja akiwa bado na mwiko wa kusongea ugali mkononi. Akaelezwa. Akaweka mkono kiunoni. "Ati mimi ndiye niue? Na kama bado nataka kuolewa?"

"Mama Tekla bana! Si uko na wajukuu?"

"Wajukuu wanazuia nini?" Akageuka akarudi kwenye ugali wake, na kina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka nao. Nilipomtafuta Senge nicheke naye, nilimwona hacheki. Alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, anainua majani ya mche kwa kidole, na kila akiliachilia jani linaanguka.

"Bustani ya kwanza kabisa," akasema, bila kumwambia mtu fulani, "Mungu aliweka watu wawili. Hakusema mama ashike maji, baba ashike mti." Akachukua mche, akapiga magoti kwenye tope, akautia shimoni kwa mikono yake miwili, akafukia, akashindilia. Akachukua mwingine. Hakuna aliyeimba. Mama Nasimiyu alimwita taratibu kwa jina la mwanawe, "Mama Simiyu, wacha. Rudi hapa." Senge hakurudi. Mmoja mmoja wakachukua vikapu vyao wakaondoka, si kwa hasira, bali kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa wa kuambukiza. Tukabaki sisi wawili, mimi namsogezea beseni la miche mpaka pembeni mwa shimo, naye anaitia. Nilikuwa na miaka michache tu ya utu uzima na nilitaka watoto siku moja, kwa hivyo sikushika hata mmoja.

Jioni hiyo tulikula ugali wa wimbi na murere, ile mboga ya kuteleza ambayo Mzee Makokha aliipenda kuliko nyama. Nilikaa nikingoja kama mtu aliye sinemani. Atamwambia? Hatamwambia? Senge alinawa, akaketi, akamega.

"Baba Simiyu, nimepanda ile miti ya kijito."

"Mm. Nani alishika?"

"Ni mimi."

Mzee Makokha alichovya tonge lake, akalizungusha, akatafuna. Alizaliwa Kibabii, kwa watu wa ukoo wake kule Bungoma, alijua mila vizuri kuliko sisi sote. "Miti gani?" akauliza mwishowe.

"Lusiola na mikuyu."

"Mikuyu ni mizuri," akasema. "Niongezee mboga."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote. Mambo yangeishia hapo, ningewaambia leo ni hadithi ya wanandoa wenye busara. Lakini mimi, na hamu yangu ya kujua, nilianza kumchunguza yule mzee. Kila asubuhi nilimtazama rangi ya macho. Nilisikiliza anavyotembea. Akichelewa kutoka chooni nilikwenda kusimama karibu. Sikuwa naamini, lakini sikuwa pia nimekanusha, nilitaka tu kuona. Siku moja alinibamba. "Wewe Naliaka, unaniangalia nini kila siku kama ng'ombe wa kununua?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mlango. "Usijali," akasema alipopata pumzi. "Nikianza kufa nitakuambia mapema, usikose."

Alianza kuumwa mwezi wa saba, ile baridi ya Kitale ilipokaza. Kikohozi kidogo kikawa kikubwa, kikawa cha usiku na mchana, akawa hawezi kupanda ngazi mbili za mlango wa mashine yake. Hospitali ya Kitale walimpa dawa, hazikusaidia, na kaka yake mkubwa, Mzee Barasa, akatuma neno kwamba aletwe Bungoma karibu na watu wake. Tukaenda. Alilazwa, akawekwa mpira wa hewa puani, na mimi na Senge tukapokelewa Kibabii nyumbani kwa Mzee Barasa. Ilikuwa nyumba nzuri, sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, lakini kuta za vyumba hazikufika darini, na kila neno lilipita juu kama moshi. Tulilala katika chumba cha magunia ya mahindi. Kutoka pale nilisikia kila kitu. Nilisikia wake wa ukoo wakichambua mboga upande wa pili. "Ni ile miti." "Alishika na mkono yake?" "Yake mwenyewe, ati ni mambo ya kanisa." "Kanisa gani inasema uue bwana?" Senge alikuwa amelala karibu nami, macho wazi, anasikia ninachosikia.

Kuna jambo moja la nyumba ile ambalo sijalisamehe hadi leo. Senge, kwa adabu ya mke wa ukoo, aliamka akapika. Alisonga ugali, akakaanga kunde, akaandaa mezani. Watu wakaja, wakanawa, wakaomba baraka, kisha kila mmoja akasema ameshiba. Watoto wakavutwa mikono. Ugali ule ulirudi jikoni mzima, haujamegwa hata pembeni. Senge alisimama akiutazama. Mimi nikaketi nikala, nikala kwa hasira, nikala mpaka tumbo likaniuma, na bado ukabaki. Tangu hapo hakupika tena, wala kula hakula sawasawa. Alikunywa chai, akitazama kikombe.

Kisha tukaitwa sebuleni. Wazee walikuwa wamejaa viti, na Mzee Barasa amekaa katikati, mtu mrefu, mpole wa sura, kofia magotini. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alimpenda ndugu yake na alikuwa na hofu.

"Kalibu, Mama Simiyu," akaanza. "Mimi ni mzee wa kanisa, unajua. Mimi siamini hiyo mambo ya zamani."

"Ndiyo, mzee."

"Hapa hakuna mtu anaamini." Vichwa vikatikiswa kushoto na kulia. Hakuna aliyeamini. "Sasa, hiyo miti, enda ung'oe."

"Daktari amesema ni vumbi ya unga," Senge akasema polepole. "Imekaa kwa mapafu."

"Unga amesaga tangu alipokuwa kijana. Kwa nini aanguke mwaka huu?"

Swali hilo liliniudhi kwa sababu lilikuwa zuri. Nikaona heri niulize langu. "Kama hakuna mtu anaamini, si miti iachwe tu?" Mzee mmoja akauliza huyu ni wa nani. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaendelea: je, wanaume wakiing'oa wao, kisha waipande tena wao, kwenye mashimo yaleyale, haitakuwa sawa? Mzee Barasa alinijibu bila ukali, akinifikiria kweli. "Hapana, mtoto. Imeshaonja mkono yake."

Asubuhi, tukiteka maji kisimani, Senge aliniambia tunarudi Kitale kung'oa. Nikaudhika, tena sana. Nilikuwa nimemwamini kuliko nilivyowahi kumwamini mhubiri yeyote. Nilikuwa nimeanza, kimyakimya, kupenda dini kwa mara ya kwanza, hii dini ya vikapu na mboji na kijito, ambayo ungeweza kuigusa. "Kwa hivyo yale yote yalikuwa maneno?" nikamuuliza. "Mungu alikuwa anatuchezea?" Aliweka mtungi chini. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na hakulia vizuri, alilia kama mtu anayekohoa. "Mungu hajakosea, Naliaka. Ni mimi naogopa. Kupanda ilikuwa rahisi, alikuwa mzima. Saa hii analala pale na mpira kwa pua, na mimi najiuliza, kama ni kweli? Kama ni kweli hata kidogo tu? Mimi nina imani. Lakini nina bwana pia." Nimekuwa mama, nimekuwa mke, nimefundisha Shule ya Jumapili, na bado sijasikia ungamo la imani lililo la kweli kuliko lile la kisimani. Siku hiyo nililiona ni usaliti tu.

Nitasema hapa, kwa sababu siwapendi waandishi wanaomficha msomaji hali ya mgonjwa: Mzee Makokha hakufa mwaka ule, wala mingi iliyofuata. Mashine aliiuza, akapata pumzi yake polepole. Lakini asubuhi tuliyoshuka kijitoni na jembe hakuna aliyekuwa na habari hiyo, na Senge alikwenda akiamini anaenda kumwokoa mumewe. Miche ilikuwa imeshika. Mikuyu ilikuwa na majani mapya yanayong'aa. Hakuweza kuikata. Alichimba pembeni taratibu, akauinua kila mche na udongo wake, akautia kwenye beseni la maji, kana kwamba kuna mahali anaupeleka. "Sasa hiyo maji ni ya nini, Senge, kama tunaiua?" nikamuuliza, nikiwa nimesimama mikono nyuma, nimegoma kusaidia. Safu moja iliisha, akaanza ya pili.

Jua likiwa karibu utosini tukasikia gari uani. Baadaye nilijua kilichotokea: Mzee Barasa, kwa nia njema ya kumpa mgonjwa moyo, alikuwa amemwambia atapona sasa, maana miti inang'olewa. Mgonjwa akauvuta ule mpira puani akadai suruali yake. Manesi walipiga kelele, hakuwasikia. Na sasa alikuwa anashuka mteremko kuja kijitoni, koti kubwa limemning'inia mabegani, mkono mmoja begani kwa Mzee Barasa, kila baada ya hatua chache wanasimama avute pumzi. Nilikimbia kuleta kigoda. Akaketi. Akatazama beseni, akatazama mashimo.

"Rispa. Nani amekutuma?"

Senge alimtazama Mzee Barasa, kisha akainamisha macho. "Sitaki unifie, Baba Simiyu. Mti ni nini? Mungu ataotesha ingine."

"Kaa chini unisikize. Na wewe, Barasa, sikiza vizuri." Alisema kwa vipande, pumzi haikumtosha. "Kifua yangu imejaa unga. Daktari amesema, na mimi mwenyewe najua, si ni mimi nilikuwa nameza? Naweza pona. Naweza kufa. Haya. Nikikufa na miti umeng'oa, hawa watu watasema nini?"

Akavuta pumzi, akajijibu mwenyewe.

"Watasema ulichelewa. Watasema ulijua ni wewe, ndio maana ulikuja kung'oa mbio mbio. Hata kukaa matanga pamoja na wewe hawatataka. Watakutoa hapa kwa hii nyumba, na kama mtu anauliza, watamwonyesha haya mashimo." Akamgeukia kaka yake. "Barasa, ni uongo?"

Mzee Barasa alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko mle. Hakusema ni uongo.

"Basi rudisha. Panda nikiona. Na huyu aone, ili nikikufa kesho aseme kwa mdomo yake, ni Makokha alimwambia apande."

"Siwezi," Senge akasema. "Baba Simiyu, mikono imekataa." Na kweli alikuwa ameikunja kifuani. Mimi nilikuwa karibu na beseni. Sijui niseme nini kilinisukuma, sikufikiri watoto wala mila, nilijua tu kwamba hapaswi kuanza peke yake mara ya pili. Nikachukua mche wa mkuyu, maji yakanichuruzika hadi viwikoni, nikapiga magoti mbele ya shimo na kumpa upande mmoja wa udongo aushike. Mikono yake ilikuwa baridi. Tukautia mche pamoja, tukafukia, akashindilia kwa viganja, mara ya kwanza, mara ya pili, akaacha viganja vyake pale juu ya udongo. Kisha akainua macho polepole kumtazama mumewe. Nami nikamtazama Mzee Makokha. Mzee Barasa, mzee wa kanisa asiyeamini mambo ya zamani, alikuwa ameshageuka na kumkodolea ndugu yake macho, mdomo wazi.

Na hapo ndipo kikohozi kikamshika. Kilimkunja, kikamtikisa juu ya kigoda, koti likaanguka, uso ukabadilika rangi. Mzee Barasa alisema jina la Yesu. Senge hakupiga kelele, alibaki kwenye magoti yake, macho hayapepesi, na nilihisi mwili wake wote umekakamaa kando yangu. Kikaendelea. Kikapungua. Mzee Makokha akavuta pumzi moja ndefu iliyokwaruza, akafuta mdomo kwa kiganja, akatutazama sisi watatu tulivyoganda, tunamngojea.

"Ingine," akasema.